Binti mrefu na kikapu: kabla hujamkatia tiketi ya Dar

Mkuu, wewe uliyeko Kasulu, umeuliza kama binti yako wa kidato cha pili, ambaye tayari anakupita kimo, umpeleke Dar kwa shangazi yake akakomae na mpira wa kikapu, maana shangazi anasema urefu ule ni ajira. Naona wachangiaji wa juu wote wamekujibu kwa jina moja, Hasheem Thabeet. Mimi nafundisha mabinti kikapu hapa Kigoma mjini miaka mingi sasa, acha niseme ninachokiona.

Hasheem mweke pembeni. Yule ni mwanaume, Mtanzania wa zaidi ya mita mbili, aliyechaguliwa namba 2 kuingia NBA, ligi ya wanaume ya Marekani, mwaka 2009, na pesa ya NBA na ya ligi ya wanawake ya huko, WNBA, ni mbingu na ardhi. Wa kumtazama ni Mwadi Mabika, mwanamke aliyecheza kikapu Marekani, mzaliwa wa Kinshasa. Nilimsikia kwa dada mmoja Mkongomani aliyevuka ziwa wakati wa vita ya 1996, akaishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, baadaye akawa anacheza na sisi mjini. Kila akitupia kutoka mbali na mpira ukazama bila kugusa chuma, anapiga kelele: "Mwadi!" Ikabidi tumuulize huyo Mwadi ni nani.

Basi, Mwadi alikwenda Olimpiki ya Atlanta mwaka huohuo wa 1996 na timu ya Zaire. Walipoteza mechi zote. Marekani waliwapiga 107 kwa 47. Lakini 1997 ligi ya WNBA ilipoanza, yeye alikuwemo Los Angeles Sparks tangu msimu wa kwanza, wakati huo hata jina la Zaire limeshafutwa. Akakaa hapo hadi 2007, akabeba ubingwa 2001 na 2002, na akaitwa kwenye mchezo wa nyota mara mbili.

Sasa sikiliza hili: ana kama sentimita 180 tu. Kwa Kigoma ni mrefu, watoto watamgeukia njiani. Kule ni kimo cha kawaida. Lisa Leslie, mwenzake wa timu, alikuwa na 196. Mwadi alikula mshahara kwa kutupia kutoka nje na kukaba.

Ndipo shida yetu ilipo. Binti mrefu akifika shuleni anasimamishwa chini ya goli, "wewe nyoosha mikono tu". UMISSETA ya wilaya, yale mashindano ya sekondari, anang'ara kweli, kila ribaundi (mpira unaorudi kutoka golini) yake. Akipanda ngazi mbili anakutana na warefu zaidi yake, hajui kudunda, hajui kutupia, anabaki kukimbia tu. Nimewapokea wa namna hiyo wengi, wakiwa na miaka kumi na minane, na kurekebisha mkono katika umri huo ni kazi ya punda.

Anza na mpira wenyewe. Shule nyingi zina mpira mmoja wa saizi 7, wa wanaume. Mabinti wanatumia saizi 6, mdogo kidogo na mwepesi. Ukimpa saizi 7 akiwa mdogo, atausukuma kwa mabega yote mawili, na tabia hiyo haitoki. Mimi namsimamisha hatua mbili tu kutoka kwenye goli. Kiwiko chini ya mpira, mkono wa pili unashikilia tu, na mpira ukishatoka vidole vibaki vimeinama kama anayechovya tonge kwenye mchuzi. Harudi nyuma mpaka atie mfululizo. Jioni upepo wa ziwa ukivuma uwanja wetu wa wazi unatesa, na magoli hayana nyavu, kwa hiyo wanabishana kila mara kama umeingia au la.

Kuhusu pesa nikwambie ukweli. Msimu wa WNBA ni wa miezi michache, hivyo wachezaji wengi walikuwa wakimaliza Marekani wanakwenda Ulaya kutafuta cha kuongezea. Mwaka 2015 Diana Taurasi, nyota wa WNBA, alilipwa na klabu yake ya Urusi apumzike, asicheze Marekani kabisa. Kule Urusi alikuwa anapata kama dola milioni 1.5, wakati WNBA haikufika hata 107,000. Na huyo ni gwiji! Mwadi naye alimalizia Houston Comets 2008, na mwisho wa mwaka huo Comets ikafungwa, timu iliyochukua mataji manne ya kwanza ya ligi.

Kwa hiyo shule isiguswe. Dar kuna timu nzuri, JKT Stars, Vijana Queens, sibishi. Ila binti mmoja wa huku alichukuliwa na mtu aliyejiita wakala, akaahidiwa shule na timu, akaishia kulea watoto wa watu. Shangazi akuoneshe kwanza barua ya shule yenye uwanja na mwalimu wa michezo. Kama hana, mtoto abaki Kasulu, likizo ya Juni umlete kwangu na raba zake, mpira upo.

Halafu hukusema anatumia mkono gani. Kama ni wa kushoto niambie mapema, wanawasumbua sana wakabaji na kwenye timu yangu sina hata mmoja.