Jibu: Picha za kamera ya kopo kutoka na ukungu

Ndugu, unauliza kwa nini picha za kamera yako ya kopo, ile isiyo na lenzi bali tundu tu la kupitisha mwanga, zina ukungu ilhali umetoboa tundu dogo kabisa. Huenda udogo wenyewe ndio tatizo: tundu likiwa dogo kupita kiasi, mwanga hutawanyika. Kama karatasi ya picha (ile inayonasa mwanga) iko sentimita 10 kutoka tunduni, lenga tundu lenye upana wa milimita 0.4 hivi. Tena usilitoboe kwenye bati la kopo, ni nene mno. Kata dirisha kwenye bati hilo, kisha bandika hapo kipande cha kopo la soda kilichotobolewa kwa ncha tu ya sindano, kingo zikisuguliwa kwa msasa laini. Hapo usiwe na haraka. Kwa karatasi ya picha kwenye jua kali, anza kwa kuacha tundu wazi dakika moja, na kopo lisitikisike hata kidogo.