Usimwandike "nahodha wa Shela"

Simama hapo hapo, usiitume hiyo rasimu ya utafiti wako wa waliotoka gerezani. Umeuliza fomu ya ridhaa, ile ya mtu kukubali kuhojiwa, iwe na kurasa ngapi na wahojiwa wapewe nauli au la, lakini mimi macho yamenikwama kwenye mfano wako: "Bw. H, nahodha wa Shela, alitoka gerezani 2022." Nahodha! Wa Shela! Sasa hapo umeficha nini, ndugu yangu? Shela ni kijiji cha Lamu, na Lamu hata punda anajulikana ni wa nani.

Nami nilidanganywa hivyo hivyo. Msimamizi wangu, bwana mkubwa wa kiyoyozi, aliniambia, "Weka herufi badala ya jina, yatosha." Kisiwani alikuja mara moja tu, tena kuogelea. Nikaandika "Bw. K, fundi wa majahazi, Matondoni, alifungwa kwa ajili ya unga." Unga wa kulevya, si wa ugali. Chini yake nikaweka maneno yake kuhusu aliyekuwa akimletea mzigo. Ripoti ikasomwa mbele ya watu, tukala sambusa, nikapigiwa makofi. Kabla ya magharibi mabaraza ya mtaa wa Langoni yalishajua K ni nani. Mafundi Matondoni ni wengi, sikatai, lakini waliofungwa wakarudi ni wangapi? Tajiri wake akamwambia asirudi kazini. Wiki ya pili, alfajiri, akapanda boti ya Mokowe, kule bara, na hadi leo hajaonekana. Mamake akanijia mlangoni, wala hakupiga kelele: "Mwanangu, hukumtaja. Ulimchora tu."

Basi shika hili: ukiandika kazi, mtaa ufute. Ukiandika mtaa, kazi ife. Mwaka wa kutoka jela usiuweke kabisa. Hata Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 haiishii kwenye jina. Anayetambulika kwa dalili zinazomzunguka, bila jina, naye amo.

Na usiahidi siri usiyoweza kuitunza. Boston College, chuo kikuu kule Marekani, kulikuwa na kanda za mahojiano ya wapiganaji wa zamani wa Ireland Kaskazini, walioahidiwa hazitatolewa hadi wafe. Mwaka 2011 zikadaiwa kwa amri ya mahakama, na baadhi zikafika kwa polisi. Wewe na flashi yako ya shilingi mia tano je?

Ah, fomu. Ukurasa mmoja wa kuwasomea, na ridhaa iwe ya mdomo, maana karatasi yenye sahihi ndiyo itakayowaumbua. Nauli tutaizungumza baadaye. Kwanza rudi ukamtoe yule nahodha.