Maswali ya wasomaji: Chagas, kinga ya mwili na vinasaba

Daktari, shikamoo. Je, Chagas si malale hiyo hiyo kwa jina la kigeni? (Msomaji, Tabora)

Marahaba. Hapana, na ningefurahi kama swali hili lingepumzika. Vimelea vya malale huletwa na mbung'o na huogelea katika damu vikibadilisha vazi lao ili kuikwepa kinga. Kimelea cha ugonjwa wa Chagas, Trypanosoma cruzi, ni cha Amerika ya Kusini, ya Kati na Mexico; hutoka katika kinyesi cha kunguni wakubwa wanaojificha kwenye nyufa za kuta za udongo, kisha huingia ndani kabisa ya seli, hasa za misuli ya moyo, na kukaa humo miaka mingi.

Ndugu wawili wamekulia nyumba moja, wote wana vimelea. Kwa nini mmoja hufa kwa moyo na mwenzake huzeeka salama? (Mwanafunzi wa uuguzi, Mombasa)

Hili ndilo swali lenye uzito. Hadi theluthi moja ya walioambukizwa hupata ugonjwa wa moyo baada ya miaka mingi, na takriban mmoja kati ya kumi hutanuka umio au utumbo mpana. Wengi waliobaki hawaoni dalili yoyote. Berenice, mtoto ambaye Carlos Chagas, daktari aliyeugundua ugonjwa huu, alimkuta na vimelea huko Lassance, Brazil, mwaka 1909, aliishi zaidi ya miaka 70, na vimelea viliendelea kupatikana katika damu yake miongo kadhaa baadaye.

Kwa wagonjwa ambao moyo wao umeharibika, seli T, askari wa kinga, humwaga interferoni-gama na TNF, kemikali za kuichochea kinga, kwa wingi, ilhali interleukini-10, ambayo kazi yake ni kutuliza, huwa haba. Kwa wasio na dalili uwiano huo ni bora zaidi. Interferoni-gama hiyo hiyo ndiyo inayosaidia kuua vimelea, lakini ikizidi kwa miaka huvuruga mitokondria (vinu vya nishati) za seli za moyo, na makovu huchukua nafasi ya misuli. Vinasaba vinaingia hapo. Tofauti katika jeni za saitokini (kemikali hizo za kinga) na za HLA (protini zinazoisaidia kinga kutambua adui) zimehusishwa na ugonjwa huu mara nyingi, ingawa matokeo mengi hayakujirudia, kwa kuwa tafiti zilihusisha watu wachache na jamii zenye asili mchanganyiko. Ushahidi unaonivutia zaidi umetoka katika familia za Brazil zenye wagonjwa wengi, ambamo zilipatikana tofauti adimu kwenye jeni za mitokondria, mojawapo ikiwa DHODH. Hata hivyo, asiyehesabu koo za kimelea chenyewe, yaani makundi yake ya kinasaba yaitwayo TcI hadi TcVI, atakuwa amesoma nusu ya habari.

Kuna kipimo cha DNA cha kunitabiria kama moyo wangu utaharibika? (Msomaji, Houston)

Hakuna. Anayekuuzia anakuuzia wasiwasi. Pesa hiyo ilipie kipimo cha umeme wa moyo kila mwaka.

Ni dawa gani ya kuongeza kinga inafaa kwa mwenye Chagas sugu? (Wasomaji watatu)

Hakuna, na neno "kuongeza" ndilo linalowatajirisha wauza chupa. Nimeeleza hapo juu kwamba moyo huumizwa na kinga isiyo na kiasi. Wala msikimbilie upande wa pili: kinga inaposhushwa na virusi vya UKIMWI au na dawa za kupandikiza kiungo, vimelea huibuka upya na huweza kushambulia ubongo. Kwa miaka mingi wataalamu walidai kwamba mwili unajishambulia wenyewe, kwa sababu protini B13 ya kimelea inafanana kwa sehemu na miosini, protini ya misuli ya moyo. Kisha alama za vimelea zikapatikana katika mioyo ya wagonjwa, na kwa maoni yangu nadharia ile ilichelewesha tiba kwa watu wengi, maana kuua vimelea kulionekana hakuna faida. Utafiti wa BENEFIT wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba benznidazole, dawa ya kuua vimelea hivi, ilipunguza vimelea katika damu bila kuzuia kudhoofika kwa moyo uliokwisha kuharibika. Wengine husoma matokeo hayo kuwa ni sababu ya kuacha dawa. Mimi nayasoma kuwa ni sababu ya kuianza mapema.

Mume wangu ni mtu wa Cochabamba, Bolivia, tunaishi Madrid, na amepimwa ana Chagas. Wanetu watairithi? (Mama Neema)

Baba hampitishii mtoto vimelea tumboni. Mama mwenye maambukizi ndiye huweza kufanya hivyo. Wanao wamechukua nusu ya vinasaba vya baba yao, lakini vinasaba hivyo pasipo kimelea havileti Chagas. Wanaohitaji kupimwa upesi ni mama mkwe na mawifi zako: mwanamke akitibiwa kabla ya kushika mimba, hatari kwa mtoto hupungua sana, na mtoto aliyezaliwa na vimelea akitibiwa ndani ya mwaka wa kwanza hupona karibu kila mara. Mume wako naye asipewe dawa yoyote ya kushusha kinga, hata steroidi za pumu za kumeza, kabla ya kumwambia daktari kwamba ana Chagas.