Mjerumani aliyepandisha meli mlimani

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Kigoma, barabara ya Ujiji. Juzi kwenye banda la video tuliona meli ikivutwa kupanda mlima msituni. Mwanangu anasema ni ujanja wa kompyuta. Mimi moyo umekataa. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba fundi. Umeshinda wewe. Hiyo ni Fitzcarraldo ya mwaka 1982, na meli ile ya tani zaidi ya 300 ilipandishwa kweli huko Peru, kwa winchi, nyaya na nguvu za wenyeji. Mwongozaji ni Werner Herzog, mzaliwa wa Munich, 1942, aliyekulia kijiji cha milimani. Tena ni mwenzako: ujanani alichomelea vyuma kiwandani usiku ili apate hela ya filamu zake za kwanza.

Mchezaji mkuu wa mwanzo aliugua kuhara damu, kazi ikaanza upya na Klaus Kinski, mtu wa hasira za karibu. Mwaka 1982 Herzog akapata tuzo ya mwongozaji bora kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa.

Tajiri wa utomvu wa miti ya mpira, ambaye kisa chake kilimpa Herzog wazo hilo, aliifungua meli yake vipandevipande kwanza, kama meli yetu ya Liemba ilivyotoka Ujerumani ndani ya makasha, kwa bahari hadi Dar es Salaam kisha kwa reli, ikaunganishwa hapahapa Kigoma. Herzog akakataa kuifungua. Mimi ningeifungua, fundi, na nadhani hata wewe.