Umeme ukirudi intaneti inafunguka, lakini seva haionekani

SWALI: Mimi ni fundi wa kompyuta katika SACCO moja hapa Mbarara. Tuna seva moja kubwa yenye mashine pepe tatu (kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya seva hiyo): ya kwanza ina akaunti za wafanyakazi, DNS (inayotafsiri majina kuwa anwani za mtandao) na DHCP (inayozipa kompyuta anwani hizo); ya pili ina hifadhidata ya wanachama; ya tatu ni ya mafaili. Kompyuta za ofisini ni kama 60. Kila umeme ukikatika na kurudi, asubuhi nzima inapotea. Watu wanafungua intaneti vizuri kabisa, ila mfumo wa akiba na mikopo haufunguki. Wengine wanaandika neno la siri sahihi na bado wanakataliwa. Ukizima kompyuta na kuiwasha mara mbili tatu, baadhi zinakubali. Sasa tunajiandaa kufungua matawi Ishaka na Ntungamo, na meneja anasema tununue seva mpya. Je, seva ndiyo mbovu? Na nipange vipi huduma za mtandao ili matawi yasirithi tatizo hili?

JIBU: Ndugu yangu, mwombe meneja asitoe hela kwanza. Umeandika jambo moja lililonionyesha njia: intaneti inafunguka, seva haionekani. Na seva iliyokufa isingezikubali baadhi ya kompyuta baada ya kuzimwa na kuwashwa. Ninachokiona hapa ni huduma zinazoamka bila mpangilio, na mojawapo si yako.

Anza na ruta mliyoletewa na kampuni ya intaneti. Ruta nyingi hutoka kiwandani DHCP ikiwa imewashwa, na mafundi wengi huiacha hivyo hivyo. Umeme ukirudi, ruta huwa tayari baada ya dakika moja au mbili. Seva yako inakagua vifaa vyake, inawasha mfumo wake wa chini (programu inayobeba mashine pepe), halafu ndipo inaanza kuamsha mashine pepe; dakika kumi zinaweza kupita. Muda wote huo kompyuta 60 zinaomba anwani, na aliye macho kuzijibu ni ruta. Inazipa anwani pamoja na DNS ya kampuni ya intaneti. DNS hiyo inajua tovuti za dunia nzima, lakini haijawahi kusikia jina la hifadhidata yenu.

Wewe uko SACCO, kwa hiyo hili utalielewa haraka: DHCP haigawi anwani, inazikopesha. Kila mkopo una muda wake, na nusu ya muda huo ikifika, kompyuta hurudi kwa aliyeikopesha kuomba iongezewe. Iliyokopa kwa ruta itarudi kwa ruta, hata kama seva yako imeshaamka zamani. Ukiizima na kuiwasha, inaomba upya mbele ya wakopeshaji wawili na kumsikiliza anayewahi. Ndiyo maana baadhi zinakubali na nyingine hazikubali.

Thibitisha kabla ya kugusa chochote. Kwenye kompyuta inayosumbua andika ipconfig /all, kisha tafuta mstari unaotaja seva ya DHCP. Ukikuta anwani ya ruta, umempata. Ukikuta kompyuta yenyewe ina anwani inayoanza na 169.254, basi haikujibiwa na yeyote ikajipa ya kwake. Dawa ni kuingia kwenye ruta na kuzima DHCP. Kama swichi zako za mtandao zina uwezo wa kuchuja majibu ya DHCP, ziambie zikubali majibu kutoka kwenye tundu la seva tu. Hapo hata mtu akichomeka ruta ya nyumbani chini ya meza yake, haitaweza kumharibia jirani.

Ukiwa hapo hapo, angalia orodha ya DNS unayozipa kompyuta. Nimekuta ofisi nyingi zimeandika DNS ya ndani kwanza, halafu 8.8.8.8 (DNS ya Google) ya pili “ikitokea tatizo”. Iondoe. Seva ya kwanza ikichelewa kujibu, Windows huhamia kwa ya pili na inaweza kuendelea kuiuliza kwa muda. Ile ya nje itajibu kwa uhakika kwamba jina la seva yenu halipo, na kompyuta italiamini jibu hilo. Kompyuta za ofisini ziulize DNS za ndani tu, nazo ndizo zipeleke nje maswali ya intaneti.

Sasa wale wanaokataliwa na neno la siri sahihi. Hilo mara nyingi ni suala la saa. Kerberos, inayothibitisha akaunti kwenye Active Directory (mfumo wa akaunti wa Windows), kwa kawaida haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5 kati ya kompyuta na seva. Fungua kwanza seva uangalie betri ndogo yenye umbo la sarafu kwenye ubao mama. Ikiisha, saa hurudi nyuma kila umeme unapokatika, na mashine pepe zinaamka zikiamini ni mwaka mwingine.

Kuna kosa jingine la saa ambalo limeninyima usingizi zaidi ya mara moja, kwa sababu kwa macho halionekani. Kompyuta imewekwa majira ya London badala ya Kampala. Mtumiaji anaona saa imekosea, anairekebisha kwa mkono mpaka ilingane na ya ukutani. Saa nne asubuhi inasomeka saa nne asubuhi, kila mtu ameridhika. Lakini kwa hesabu za ndani, zinazotumia saa ya UTC (saa ya kimataifa), kompyuta hiyo sasa imekosea kwa saa 2 au 3 nzima, kutegemea msimu wa London, kwa kuwa Uganda iko UTC+3. Usiruhusu mtu yeyote kurekebisha saa kwa mkono. Seva ya akaunti ichukue saa kwenye intaneti kwa NTP (itifaki ya kulinganisha saa), kutoka vyanzo vinne: ukiwa na viwili vikatofautiana, huwezi kujua kipi kinadanganya. Kompyuta zote zichukue kwa seva hiyo. Kisha zuia mfumo wa chini usiipe mashine pepe hiyo saa yake, la sivyo zitavutana. Ukitaka kuhakikisha, w32tm /query /status itakuambia inamfuata nani.

Hapa ndipo penye kiini cha jibu langu. Kabla ya kusakinisha huduma yoyote, chukua karatasi uchore nani anamhitaji nani. Hifadhidata inahitaji akaunti, akaunti zinahitaji DNS na saa, DNS inahitaji anwani isiyobadilika, na vyote vinahitaji swichi yenye umeme. Mchoro huo ndio utakaokupa zamu ya kuamka. Mashine ya akaunti na DNS iwe ya kwanza, bila kuchelewa. Ya hifadhidata isubiri dakika tano. Ya mafaili ifuate. Programu za mashine pepe zina sehemu ya kupanga muda huo. Swichi na ruta zichomeke kwenye UPS (betri ya akiba) ile ile ya seva. Nimeingia vyumba ambamo seva ina betri ya saa nzima huku swichi imechomekwa ukutani: umeme ukikatika, seva inaendelea kufanya kazi na hakuna anayeifikia.

Tafuta hasa mduara, mahali ambapo A inamngoja B na B inamngoja A. Usiku mmoja nilikesha katika taasisi ambayo seva yake ilitafuta diski za mtandao kwa jina. Jina lilijulikana na DNS. DNS ilikuwa mashine pepe iliyohifadhiwa kwenye diski hizo hizo. Hakuna kilichokuwa kibovu, na hakuna kilichoweza kuamka. Tuliandika anwani ya namba mahali pa jina, na alfajiri kila kitu kikasimama. Kwako, hakikisha mfumo wa chini una anwani ya kudumu na kwamba unaweza kuingia humo kwa akaunti yake yenyewe, hata mashine ya akaunti ikiwa imelala.

Kama meneja ana hela ya kutumia, anunue kompyuta ndogo ya pili ya kubeba nakala ya akaunti, DNS na DHCP. Iwe kifaa tofauti. DNS mbili ndani ya seva moja ni DNS moja.

Kuhusu matawi, panga anwani leo kabla hata nyaya hazijavutwa. Kama sasa mnatumia 192.168.1.0, ihameni. Ruta nyingi za nyumbani zinatumia hiyo hiyo, na mfanyakazi akijaribu kuingia ofisini kutoka nyumbani kupitia VPN (njia ya faragha ndani ya intaneti), kompyuta yake haitajua seva iko upande upi. Chukua anwani zinazoanza na 10: Mbarara iwe 10.20, Ishaka 10.21, Ntungamo 10.22. Namba ya tatu iseme kazi, kwa mfano 10 kwa seva, 20 kwa wafanyakazi, 30 kwa printa, 40 kwa waifai ya wageni. Kila kundi linapata nafasi 254. Ukiona 10.22.30.7 kwenye kumbukumbu za mfumo, unajua mara moja ni printa ya Ntungamo. Printa zipe anwani zilizotengwa ndani ya DHCP, usiziandike kwa mkono kwenye kila mashine. Waifai ya wageni iwe na VLAN yake (mtandao uliotengwa ndani ya swichi zile zile) isiyofika kwenye seva kabisa. Mna taarifa za watu binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inawataka mzilinde.

DHCP ya tawi ikae tawini, hata kwenye ruta ya tawi, mradi wewe ndiye uliyeipanga. Ukitegemea Mbarara, siku mawasiliano yakikatika hata printa ya Ishaka haitapatikana kutoka meza ya pili. Na jina la mtandao wa ndani liwe chini ya jina la intaneti mnalomiliki, mfano ndani.jinalenu.co.ug. Usitumie .local, kwa kuwa imetengwa rasmi tangu 2013 kwa kazi nyingine na vifaa vingine vitachanganyikiwa.

Ukimaliza, chagua Jumamosi jioni wanachama wakiwa wameondoka na chelezo ya hifadhidata iko salama. Zima mashine zote kwa utaratibu wake, kisha kata umeme kwenye swichi kuu, ngoja robo saa, urudishe na kuwasha mashine. Kaa na karatasi uandike dakika ambayo kila huduma imejibu, bila kugusa kitu kingine. Halafu pita kompyuta moja baada ya nyingine na ipconfig /all. Ikibaki hata moja yenye anwani ya ruta, usiendelee na Ishaka mpaka ujue imeitoa wapi.