Siku 15 nyumbani kwa Kefa

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Nasoma chuo hapa Morogoro, mwaka wa pili. Ninayekaa naye chumba kimoja anasema kufufuka kwa Yesu hakuna ushahidi wowote wa historia. Nikamtajia Josephus, yule Myahudi aliyeandika kwamba Yesu alionekana hai siku ya tatu. Akaniambia maneno hayo yalichomekwa baadaye. Nilikosa la kusema. Je, ni kweli?

JIBU: Amina, mwanangu. Kuhusu maneno hayo mwenzako amesema kweli, mkubalie. Josephus alimaliza kitabu chake cha historia ya Wayahudi mnamo mwaka 93, na hakuwa Mkristo. Wataalamu wengi wanaona kwamba alimtaja Yesu kweli, lakini wanakili Wakristo wakaongeza ya kwao. Mimi mwenyewe nilihubiri kifungu hicho Pasaka mbili kabla sijalijua hilo. Linaniuma hadi leo, maana waumini waliniamini.

Tacitus, Mrumi, anathibitisha kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato. Habari za kufufuka hazitaji.

Sasa fungua 1 Wakorintho 15. Paulo aliandika barua hiyo mnamo mwaka 54 au 55, miaka ishirini na kitu baada ya msalaba. Anataja waliotokewa na Yesu: Kefa, yaani Petro, Thenashara, ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja, Yakobo. Kisha anasema wengi wa wale 500 wangali hai. Miaka ishirini na kitu si mingi. Baba yangu tulimzika mwaka 2002, mvua ikinyesha, jeneza likakwama mlangoni mpaka wajomba wakang'oa fremu. Nikiandika leo kwamba siku ile kulikuwa na jua, shangazi zangu watanijia juu kabla wino haujakauka.

Tena Paulo anasema habari hiyo naye aliipokea. Kwa nani? Soma Wagalatia 1:18-19. Miaka mitatu baada ya kuitwa alipanda kwenda Yerusalemu, akakaa kwa Kefa siku 15, akamwona pia Yakobo, ndugu yake Bwana. Siku 15 chini ya paa moja! Mtu aliyekuwa akiwawinda Wakristo, amekaa na aliyemkana Yesu usiku ule. Sidhani walimaliza siku hizo bila kuulizana juu ya kaburi.

Na huyo Yakobo usimpite haraka. Yohana 7:5 inasema ndugu zake Yesu hawakumwamini. Baadaye tunamkuta akiongoza kanisa la Yerusalemu, na mnamo mwaka 62 akapigwa mawe. Aliyetuandikia kifo chake ni Josephus huyohuyo, tena katika kifungu ambacho wataalamu wengi hawana shaka nacho. Mwambie mwenzako hilo. Ni nini kilichomgeuza mtu aliyelelewa nyumba moja na Yesu, asimwamini alipokuwa hai, kisha akubali kufa kwa ajili yake?

Mimi najibu kwamba alimwona. Historia inanifikisha kwa watu waliosema "tumemwona" na wasirudi nyuma. Kwamba aliyemfufua ni Mungu, hilo nalipokea kwa imani, na sioni aibu kulisema. Mwenzako anaweza kukubali yote ya kwanza akakataa hili la mwisho. Usigombane naye. Someni Wagalatia 1 pamoja, halafu mwulize anadhani walizungumza nini siku zote hizo 15.