Muhuri wa TOURTE kwenye upinde wangu

Juzi usiku kijana mmoja mpiga fidla aliyeko Ujerumani kanitumia picha, "dada nimepata upinde wa fidla wa zamani umeandikwa TOURTE, muuzaji anataka euro 1,500, nichukue?" Usingizi ukakata palepale, maana muhuri huohuo, jina la fundi mkubwa wa pinde wa Ufaransa, ndo ulioniliza mimi miaka tisa iliyopita.

Nilikuwa Leipzig, Ujerumani, nimejinyima mwaka mzima, wali maharage kila siku, nia yangu moja tu nipate upinde wa Kifaransa. Muuzaji akanionyesha lile jina, nikalipa euro 1,800 bila hata kuomba nikae nao siku mbili nijaribu. Nikawa naringa nao balaa. Mpaka nilipoupeleka kubadilisha singa, zile nywele za farasi za upinde, kwa fundi mmoja Markneukirchen, mji mdogo kule Saxony ambako wanatengeneza fidla na pinde vizazi na vizazi. Mzee wa watu muhuri hata hakuutazama. Kafungua skrubu, katoa kile kipande cheusi cha abunusi kinachoshika singa, wenyewe wanakiita Frosch, yani chura, kakigeuza chini juu, kisha kafumba jicho moja akaitazama fimbo kuanzia mkononi hadi kichwani. Akaniambia huu umezaliwa hapahapa. Na kwamba François Xavier Tourte wa Paris, aliyefariki 1835, pinde zake karibu zote hazina muhuri, ila huku Ujerumani walikuwa wanagonga jina lolote mfanyabiashara atakalo, Tourte, Bausch, lolote lile, maelfu kwa maelfu.

Nililia kwenye treni. Yule muuzaji alivyokuwa ananichekea siku ile, mpaka leo nikikumbuka moyo unauma.

Lakini yule fundi aliniambia upinde wenyewe ni mzuri, akanionyesha kwa nini. Fimbo ni pernambuko, mti wa Brazili, na ule mbonyeo, yani fimbo ilivyopinda kwa ndani, hauchongwi jamani, fimbo inachongwa ikiwa imenyooka halafu inapashwa moto na kukunjwa taratibu, kipande kwa kipande, ukiharakisha inakuja kurudi au inapinda upande. Yangu imekula miaka na haijaenda upande hata kidogo. Chura kalala kwenye fimbo hupitishi hata mwanga. Gramu 60, na mkononi huuhisi uzito mbele wala nyuma. Zamani kazi ile waligawana, huyu nyumbani kwake anachonga fimbo tu, yule vyura tu, kwa hiyo aliyeukunja wangu jina lake halijulikani, wakati mafundi kina Albert Nürnberger na Pfretzschner waligonga majina yao wenyewe na leo wanatafutwa kwa pesa nyingi. Mi huyu asiye na jina namheshimu vilevile.

Sasa nyie wenzangu mnaozitaka hizi pinde za zamani, msinunue jina! Nunueni mkono wa fundi. Tazama fimbo kwa jicho moja kama yule mzee. Tazama kichwa pande zote, kikishavunjika na kuungwa thamani imeondoka karibu yote hata gundi iwe nzuri vipi. Ukiambiwa vyuma vyake ni Neusilber ujue maana yake fedha mpya lakini madini ya fedha hamna mle, ni shaba, nikeli na zinki, haina ubaya wowote ila usiilipie bei ya fedha. Na upige nao, piga nyimbo zako mwenyewe, polepole na haraka, siku kadhaa, anayekukatalia kujaribu mwachie upinde wake. Tunapenda kuonekana tuna vitu vya watu wakubwa, na tamaa hiyo ndiyo wanayoiuzia. Narudia, msinunue jina.

Na wewe mdogo wangu, usitoe hata senti. Nitumie kwanza picha ya kichwa ubavuni na nyuma, na ya chura akiwa ametolewa, halafu tuongee kesho jioni nikitoka mazoezini.